Ngazi Moja Tu

Meza ya jikoni imefunikwa na magharibi yote ya Norwe:
pembe moja imebanwa na kopo la dawa za presha,
nyingine na kiwiko cha baba.
Nje, mvua ya Bergen inaendelea na kazi yake
kama karani wa serikali aliyenyimwa likizo.

Naichora safari kwa kalamu nyekundu.
Wenzangu huhesabu kilomita; mimi nahesabu vyoo.
Kile cha kituo cha mafuta, Voss: mlango mpana,
kishikio cha chuma upande wa kulia.
Kile cha kivukoni: hapana, kina kizingiti.
Kile cha kanisa la mbao: ufunguo anao mama mmoja,
Gudveig, na Gudveig hapokei simu saa za chakula.

Nimepiga simu hoteli saba.
"Mna ngazi?"
"Hatuna, hatuna kabisa.
Ngazi moja tu."

Moja tu! Wanaitamka kama wanakupunguzia bei.
Hawajaliona goti la kushoto la Torleiv Haukås
likisimama mbele ya ngazi moja tu
kama punda mbele ya daraja.
Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga;
hawakutaja kwamba ina ngazi.

Kaka yangu Eivind kaandika kutoka Stavanger:
Mwache mzee apumzike. Mwonyeshe picha.
Baba akajibu kabla yangu:
"Picha haina upepo."

Basi namsomea vituo vya kutazamia mandhari.
Hapa pana jukwaa la kioo linaloning'inia juu ya maji,
hatua mia mbili kutoka maegesho, kokoto tupu.
Hapa maporomoko, njia ina mteremko, benchi liko katikati.
Kwa kila kimoja anatikisa kichwa,
si kwa huzuni, ila kwa uchovu wa fundi
anayeonyeshwa kazi ya fundi mwingine.

Kisha kidole chake, kile kilichoacha ncha yake kwenye baruti,
kinaupanda mlima polepole juu ya karatasi,
kinaipita Aurland, kinapita pale miti inapokata tamaa,
kinasimama mahali pasipo na alama yoyote.

"Hapa."
"Hapa hapana kitu, baba."
"Pana ukuta."

Miaka ile ya sabini, mimi sijazaliwa,
walimpa mawe na viangazi viwili
aizibe kona ile, magari yasitumbukie.
Msimamizi alitaka ukuta wa kufika kifuani.
Baba akaujenga ukakomea kiunoni.
Wakagombana; nusura afukuzwe.
"Nilimwambia, aliye ndani ya basi naye ana macho.
Kwa nini mtu ashuke ndipo aone?"

Friji inanguruma, inanyamaza.
Analikunja goti, analikunjua, analisikiliza
kama redio yenye mikwaruzo.
Hakuwa akijijengea mwenyewe, anaapa.
Alikuwa akimfikiria bibi mmoja wa pale bondeni
aliyepitishwa njia hiyo kila mwezi kwenda kwa daktari
na kurudi akiwa ameona mawe tu.
Jina lake limemtoka. Alikuwa na kofia ya kijani.

Naandika kwenye daftari:
Alhamisi. Kona. Dakika kumi.
Nafuta dakika kumi.
Naandika: blanketi, chupa ya chai,
kioo cha upande wake kisafishwe ndani na nje.

"Na kama umebomoka?" namwuliza.
"Theluji ya huko hula mawe."
"Basi tutaona vizuri zaidi."
Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, anaivaa tena.
"Na choo cha karibu?"
"Kilomita kumi na nane."

Anaitazama ramani kwa muda.
Halafu, bila kusema neno,
anakisogeza kikombe chake cha kahawa
upande wangu wa meza.